Mama anaumwa kongosho, mjomba anasema bangi ndiyo dawa. Wajuzi wa Mombasa, njooni

Mwana_Tudor
Salaam wadau. Mamangu ana maumivu ya tumbo ya muda mrefu. Yanaanza kwenye chembe, yanatoboa mpaka mgongoni, na akiketi ameinama mbele yanalegea kidogo. Akila chenye mafuta, usiku huo hakuna kulala nyumba nzima. Daktari kampiga picha, akasema kongosho limeharibika na halitarudi lilivyokuwa. Kapewa vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula, na vidonge vya maumivu ambavyo sasa havimfai kitu.
Ukimuuliza "mama, hasa wapi?" anazungusha mkono tumbo zima, kisha anasema "humu ndani". Hawezi kuweka kidole mahali pamoja.
Mjomba wangu yuko Kanada. Kule bangi ya tiba iliruhusiwa 2001, na ya starehe 2018. Anasema mama angekuwa kwake angempa matone ya mafuta chini ya ulimi, alale.
Msimamo wangu ni huu: maumivu ya viungo vya ndani si kama ya jino au mfupa, dawa za kawaida zimeyashindwa, na sisi Kenya tunawatesa wagonjwa kwa kuifungia bangi milango yote. Anayepinga aje na hoja. Na anayejua anieleze kwa nini mtu mzima mwenye akili zake ashindwe kuonyesha panapomuuma.

MuuguziPwani
Pole kwa mama. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wodini kila siku.
Ngozi ina mishipa ya fahamu mingi iliyopangwa karibu karibu, ukichomwa mwiba unajua ni kidole kipi. Tumboni mishipa hiyo ni michache na imetawanyika. Tena ikifika kwenye uti wa mgongo inakutana na ile ya ngozi na misuli kwenye seli zilezile. Ni sawa na feri: wa Ukunda na wa Mtongwe wote wanashukia ng'ambo moja, aliyesimama mlangoni hawezi kujua nani katoka wapi. Ubongo unabaki kukisia, na mara nyingi unakisia ngozi au misuli kwa sababu ndiko ulikozoea kupata habari.
Ndiyo maana nyongo inauma bega la kulia. Moyo unauma mkono wa kushoto, taya, hata chembe. Jiwe la figo linateremka kutoka kiunoni mpaka kinena. Kidole tumbo kinaanzia kitovuni, na kinahamia chini kulia pale uvimbe unapogusa utando wa ukuta wa tumbo, kwa kuwa utando huo unajua mahali. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, neva yake inatoka shingoni, kwa hiyo damu ikivuja tumboni mgonjwa anakushikia bega.
Jambo jingine: utumbo ukiukata kwa kisu hausikii. Unasikia ukivutwa, ukijaa, ukivimba au ukikosa damu. Ini lenyewe halina maumivu, ganda lake ndilo linalouma likitanuka. Na maumivu haya huja na jasho, kichefuchefu, rangi kupotea. Mama haongezi chumvi hata kidogo anaposema "humu ndani".

KakaLikoni
Muuguzi umenifanya nishike bega langu mara mbili. Wa Likoni tushajua feri inauma kila mahali.

Rasi_Bamburi
Amani kwenu. Mjomba kasema kweli na sishangai kwamba huku atapingwa.
Mwili wenyewe unatengeneza vitu vya jamii ya bangi. THC, kile kiini cha bangi kinacholevya, ilitengwa 1964 na akina Raphael Mechoulam kule Israeli. Kipokezi chake cha kwanza mwilini, yaani mahali kwenye seli kinapojishika, CB1, kilijulikana muundo wake 1990, cha pili CB2 1993, na katikati hapo, 1992, wakapata anandamaidi, ambayo ubongo wetu unaitengeneza bila mtu kuvuta chochote. Vipokezi hivyo vimejaa kwenye utumbo na kwenye uti wa mgongo, palepale Muuguzi anapoeleza ishara zinapopita. CB1 vikiamshwa, neva inapunguza kelele na utumbo unatulia. Sasa kama kufuli imo ndani ya tumbo na ufunguo umeota shambani, tunangoja nini?
Umoja wa Mataifa umeihalalisha bangi 2020. Lesotho, Zimbabwe, Malawi wanatoa leseni za kulima ya tiba. Sisi tunaendelea kujaza magereza, Shimo la Tewa kukiwa na vijana waliokamatwa na msokoto mmoja.

Famasia_Nyali
@Rasi_Bamburi sayansi ya vipokezi umeieleza vizuri. La Umoja wa Mataifa nalisahihisha. Desemba 2020 tume yao ya dawa za kulevya ilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuitoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba wa 1961, lile la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari sana na visivyo na manufaa makubwa ya tiba. Imebaki Jedwali la Kwanza, pamoja na mofini, ile dawa kali ya maumivu. Haikuhalalishwa. Kilichokubaliwa ni kwamba ina nafasi katika tiba.
Sasa kongosho. Uholanzi walifanya utafiti uliotoka 2017, wakawapa vidonge vya THC watu wenye maumivu ya tumbo ya kudumu, wengine kwa kongosho, wengine baada ya upasuaji. Wenzao wakapewa kidonge bandia. Mwisho wa majaribio hapakuwa na tofauti ya maana ya maumivu kati ya makundi mawili. Huo ndio utafiti ulio karibu kabisa na mama wa mleta uzi, na jibu lake si zuri.
Palipo na ushahidi ni pengine: kichefuchefu cha dawa za saratani (Marekani ilipitisha vidonge vyake 1985), kifafa kigumu cha watoto (dawa ya CBD, kiini kingine cha bangi kisicholevya, 2018), kukakamaa kwa misuli, na kiasi fulani maumivu ya neva zilizoumia. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilitoa tamko 2021 kwamba hakiungi mkono bangi itumike kwa maumivu kwa jumla kwa ushahidi uliopo. Nayasema haya nikiwa natamani majibu yangekuwa tofauti, maana wagonjwa wa aina hii ndio wanaonililia dirishani.

BintiMajengo
Nimesoma nikatetemeka. Mimi tangu nivunje ungo naumwa tumbo la chini, na kila mtu nyumbani akisema chango. Nimekunywa mizizi ya Mwembe Tayari ya kila rangi, nimekandwa, nimefukizwa. Zahanati moja wakanipa dawa za maambukizi ya mkojo tena na tena bila kupima mkojo wenyewe. Nikalalamika siku za hedhi bega la kulia linauma, nikaambiwa nimelalia mkono vibaya.
Mwishowe daktari wa kike akasikiliza, wakaingiza kamera kupitia kitovuni. Endometriosi, yaani tishu kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake, na vipande vingine vilikuwa vimepanda mpaka kwenye kiwambo. Bega langu leo nalielewa kwa maneno ya Muuguzi hapo juu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, na wangapi Majengo hapa wanaitiwa chango mpaka wanakoma kuzaa?
Bangi nimejaribu, sifichi. Nilikula imetiwa kwenye mkate wa sinia. Maumivu yalikuwepo ila sikuyajali. Moyo ukanienda mbio mpaka nikadhani nafa. Sijarudia. Nina shoga yangu yuko Manchester, yeye mafuta yanamsaidia kulala na anaapa kwa Mungu.

Rasi_Bamburi
@BintiMajengo pole dada. Kula si sawa na matone. Ikiliwa inachukua saa moja, mbili, haijaja mtu anaongeza, kisha inakuja yote. Kosa ni la kipimo.

Famasia_Nyali
Hapo nakubaliana na Rasi. Ila zingatieni alichosema: "yalikuwepo ila sikuyajali". Kuna wanaodhani ndivyo THC inavyofanya kazi zaidi, inapunguza uchungu wa moyo juu ya maumivu kuliko maumivu yenyewe. Wengine wanadhani ni usingizi tu, kwamba mtu aliyelala vizuri huvumilia zaidi. Na wengine ni kama Rasi, wanasema ni kwenye neva za utumbo. Utafiti haujatenganisha mambo hayo matatu.

Mzee_Kibokoni
Assalaam alaykum vijana. Kila kileweshacho ni haramu, hilo sisi tumelelewa nalo. Najua mtasema dharura, na dharura ipo katika dini yetu, lakini ina masharti: iwe hakuna halali ya kufanya kazi hiyo, na aseme tabibu mwadilifu anayejua, si mjomba wa Kanada. Mwanangu wa Tudor, je, halali zote zimekwisha? Mamako kapewa nini mpaka sasa? Maana zamani tulijua maumivu ya namna hiyo kwa mshipa, tukikanda kwa mafuta ya ufuta na maji moto, na walipona.

Mwana_Tudor
Wa alaykum salaam mzee wangu. Kapewa panadol, halafu diclofenac, halafu tramadol. Tramadol ilimfunga choo na kumtia kizunguzungu, akaiacha. Maji moto tunaweka, yanamliwaza kidogo.

MuuguziPwani
@Mzee_Kibokoni shikamoo. Maji ya moto yanafanya kazi kweli, joto la ngozi linaingia uti wa mgongo mlango uleule na kupunguza nguvu ya ishara ya ndani. Ila kukanda tumbo lisilojulikana lina nini, hapana. Nimepokea mtu aliyekandwa "mshipa" na kumbe ilikuwa ngiri iliyonasa, utumbo ushakosa damu.

Mkwezi_Mtwapa
Ngojeni niwape upande ambao hamjaugusa. Mpwa wangu, kijana wa miaka 20 na kitu, alianza kuumwa tumbo na kutapika asubuhi. Kutapika ambako husikii kwingine, mpaka nyongo. Walimtibu vidonda vya tumbo, wakampa dawa za bakteria zile za wiki mbili, wakarudia. Kila akilazwa anapona, akirudi nyumbani wiki si nyingi anaanza tena.
Mamake ndiye aliyeona kitu: kijana anachemsha maji, anajimwagia ya moto kabisa, Machi hii ya Mombasa ambapo sisi tunalala barazani! Akitoka bafuni katulia, maji yakipoa anatapika. Daktari mmoja aliposikia habari ya maji akamuuliza pale pale, "wavuta bangi?" Alikuwa akivuta kila siku tangu shule. Na alipoanza kutapika akaongeza, kwa sababu wenzake walimwambia inatuliza tumbo.
Aliacha. Tumbo limenyamaza.

Rasi_Bamburi
Huyo alivuta bangi iliyopuliziwa dawa ya wadudu. Hii ya siku hizi inakuja imelowa kemikali. Mmea wenyewe hautapishi mtu, tunajua ndio dawa ya kutapika, Famasia kasema mwenyewe.

MuuguziPwani
Dawa za wadudu imekuwa mojawapo ya nadharia, Rasi, hujaitunga wewe. Lakini ugonjwa huu una jina, ugonjwa wa kutapika kwa bangi, na umeandikwa: waliueleza kwanza madaktari wa Australia 2004, na dalili ya maji moto ilikuwemo tangu siku hiyo. Nadharia inayopewa uzito zaidi ni kwamba THC kwa wingi na kwa miaka inachosha vipokezi vilevile, kilichokuwa kinazuia kutapika kikageuka. Wengine wanasema ni urithi, ndiyo maana wavutaji wengi hawaupati. Kwa nini joto linatuliza? Inadhaniwa linaamsha kipokezi cha pilipili kwenye ngozi, na kuna hospitali wanapaka krimu ya pilipili tumboni badala ya maji. Tiba inayodumu ni moja, kuacha.
Kwa hiyo mtu anayeumwa tumbo na anavuta, amwambie daktari. Hatumwiti polisi. Tunataka kujua tu.

MamaSeli_Changamwe
Mimi naja na mtoto. Binti yangu ana seli mundu. Huumwa mifupa, lakini tumbo likimshika ndilo linanitisha zaidi, maana bandama yake iliwahi kujaa damu ghafla akawa mweupe kama karatasi. Kuna kundi la akina mama tunasaidiana, na juzi mmoja akaleta habari kwamba Marekani seli mundu wanatibiwa kwa bangi. Wenzangu wakaanza kuuliza inapatikana wapi. Ni kweli?

Famasia_Nyali
Majimbo kadhaa ya Marekani yameiweka seli mundu kwenye orodha ya magonjwa yanayoruhusiwa, ni kweli. Ruhusa ya bunge na uthibitisho wa tiba ni vitu viwili. Jaribio la California lililotoka 2020 lilikuwa na wagonjwa 23 waliokamilisha, watu wazima, wakavuta mvuke wa bangi au bandia. Maumivu yalishuka kidogo upande wa bangi lakini tofauti haikufikia kiwango cha kuaminika. Watoto hawakuwemo. Mtoto usimpe, tafadhali. Ubongo wake unajengeka bado.
Lililothibitishwa liko jirani yenu. Utafiti wa REACH uliotoka 2019 ulifanywa katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, kwa watoto wenye seli mundu. Dawa ya haidroksiyurea ilipunguza vipindi vya maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Binti yako anaitumia?

MamaSeli_Changamwe
Anaitumia, na kweli vipindi vimepungua. Inapokosekana duka la dawa ndipo tunapohangaika. Asante, nitawapelekea wenzangu hili la Kilifi.

KakaLikoni
Hebu turudi kwenye siasa kidogo. Mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alipeleka pendekezo la mswada wa bangi bungeni 2018. Watu wakamcheka. Kumbe mwenyewe alikuwa na saratani ya utumbo mpana, akaitangaza 2019 na Julai mwaka huohuo akafa, miaka 41. Mimi hapo ndipo nilipoacha kucheka. Halafu 2022 akaja mgombea urais Wajackoyah na bangi ya kulipa deni la taifa, pamoja na nyoka na fisi, na habari ya mgonjwa ikapotea kabisa. Rasi najua kura yako ilikwenda wapi, ulikuwa na fulana.

Rasi_Bamburi
Fulana ninayo mpaka leo. Lakini umenena. Wajackoyah alizungumza biashara ya nje, Okoth alizungumza mtu kitandani.

Wakili_MjiWaKale
Kwa faida ya wote: sheria ni ya 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyorekebishwa 2022. Kulima, kuuza na kumiliki bangi bado ni kosa, na mwenye nyumba akijua inatumika kwake naye ana kesi. Kauli ya "ni ya mamangu mgonjwa" haitakutoa kituoni. Warasta walikwenda Mahakama Kuu 2021 kudai haki ya ibada, si ya tiba. Sheria hiyohiyo inaacha dawa za kulevya zitumike kitabibu kwa maandishi ya daktari, ndiyo maana mofini ipo hospitalini. Kwa hiyo mleta uzi anaposema milango yote imefungwa, kwa mofini mlango uko wazi na kwa bangi hakuna dawa iliyozoeleka ambayo daktari wa Mombasa atakuandikia ukaichukue duka la dawa.
Na yale mafuta ya CBD yanayotangazwa mitandaoni, kijana anakuletea kwa pikipiki mpaka Nyali, hujui ndani mna nini. Ukipimwa ikakutwa THC, karatasi ya chupa haitakutetea.

DadaBombolulu
Mofini. Asante Wakili kwa kulitaja, nilikuwa nalisubiri. Mamangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Tulihangaika na vidonge mpaka mtu akatuelekeza Coast Hospice, kituo cha kutuliza maumivu ya wagonjwa. Tulipewa mofini ya maji, chupani, anakunywa kwa kipimo kila saa nne, na kipimo cha ziada cha usiku. Siku ya pili alikula uji akaomba aogeshwe. Ndugu zangu walikuwa hawataki, walisema mofini ni ya kumalizia mtu, na mwingine akasema "mwamfanya mama teja".
Aliishi miezi akiwa na akili zake, anatuamulia ugomvi. Mwana_Tudor, kabla ya Kanada, mmefika pale? Hawachukui wa saratani peke yake.

Mzee_Kibokoni
Binti, hofu ya teja hapa kwetu haikutoka hewani. Unga umetumalizia watoto Mji wa Kale na Kisauni. Ukimwambia mzee wa mtaa huu dawa ya jamii ya afyuni, anaona kijana aliyelala mtaroni. Na vijana hao walianza na bangi.

Rasi_Bamburi
Mzee kwa heshima zote, walianza na sigara na muguka pia. Mwaka 2024 kaunti ilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha marufuku, na muguka unauzwa. Mbona huo hauna uzi?

KakaLikoni
Msianze muguka hapa, huo utatufikisha Idi.

MuuguziPwani
Mzee ana haki ya kuogopa. Ila mgonjwa anayekunywa mofini ya maji kwa saa, kwa kipimo, akifuatiliwa, ni tofauti sana na anayejidunga. Pia niseme upande wa pili ili nisidanganye: kwa kongosho la kudumu mofini si rahisi kama kwa saratani. Mtu ataishi miaka mingi, utumbo unafunga, kipimo kinapanda, na wapo ambao dawa yenyewe inazidisha usikivu wa maumivu. Wataalamu wanabishana mpaka leo nani apewe na kwa muda gani. Hospice watajua kupima hilo kuliko sisi hapa.

Famasia_Nyali
Na kuna dawa ambazo @Mwana_Tudor hakuzitaja kabisa. Diclofenac inalenga uvimbe, inafaa sana kwa jiwe la figo, lakini maumivu ya kongosho la zamani mara nyingi yameshahamia kwenye neva zenyewe: uti wa mgongo umezoea kupiga kelele hata ndani kukitulia. Hapo zinatumika dawa za neva. Pregabalin ilijaribiwa Ulaya kwa wagonjwa wa kongosho, matokeo yakatoka 2011, ikashinda kidonge bandia. Amitriptyline kwa kipimo kidogo ilijaribiwa Uingereza kwa tumbo linalosumbua bila kidonda, 2023, nayo ikasaidia. Kuna pia kuchoma sindano kwenye fundo la neva nyuma ya tumbo, wanafanya wataalamu. Mwulize daktari kwa majina hayo.
Na kama mama anameza dawa nyingine, mafuta ya mjomba si maji. CBD inapandisha warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mwilini na inaweza kuchokoza ini. Mtu mzima akipata THC asiyoizoea anaanguka usiku akienda msalani, nyonga inavunjika, na hapo una wagonjwa wawili ndani ya mtu mmoja.

Dereva_Miritini
Nimesoma kimya, niseme la babangu. Chembe ilimuuma jioni, akasema kiungulia, akanywa soda ya tangawizi. Kliniki ya karibu wakasema gesi, wakampa dawa ya vidonda, tukarudi. Usiku jasho likamtoka kama kamwagiwa maji. Ulikuwa moyo. Hakufika asubuhi.
Kwa hiyo ninapoona watu wanagawiana dawa ya "tumbo" humu, bangi au mizizi au vidonge, naomba kwanza mjue ni kiungo gani kinacholia. Chembe inayouma pamoja na jasho na kukosa pumzi, pelekeni mtu apimwe moyo saa hiyohiyo.

Rasi_Bamburi
Pole sana Dereva, Mungu amrehemu mzee.
Famasia, nikurudishe kwenye utafiti wako wa Uholanzi. Waliwapa kidonge cha THC peke yake. Mmea una CBD na mamia ya vitu vingine. Ukinijaribia embe kwa kunipa sukari yake, usiniambie embe halifai. Na vidonge vya tumboni, kwa mtu ambaye kongosho lake halisagi chakula vizuri, ulijuaje dawa ilifika kwenye damu?

Famasia_Nyali
Hilo la THC peke yake ni swali la haki, na hata waliochambua wameliuliza. La kufyonzwa walilifikiria, walipima dawa kwenye damu na waliikuta. Upande wa mmea mzima, Israeli walivutisha wagonjwa 21 wa ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo, utafiti ukatoka 2013. Wengi waliopewa bangi yenyewe walijisikia nafuu, usingizi na hamu ya kula vikarudi, lakini kupona kwa ugonjwa hakukuthibitika. Wewe utasoma "nafuu", mimi nitasoma "watu 21".

Rasi_Bamburi
Nafuu ndiyo mama wa Tudor anayoitafuta.

BintiMajengo
Na asipofikiwa na nafuu hiyo kwa njia halali, ataifuata kwa njia nyingine, kama nilivyoifuata mimi.

Mwana_Tudor
Nimewasoma wote, shukrani. Msimamo wangu kuhusu sheria sijaubadilisha, nadhani mgonjwa na daktari wake wangeachiwa waamue. Ila Hospice hatukufika, na hizo dawa za neva hakuna aliyetutajia. Tunakwenda wiki hii na mama mwenyewe, na nitaandika majina kwenye karatasi.

Mkwezi_Mtwapa
Mkienda, pelekeni na la sukari. Kongosho ndilo linalotoa insulini, na likiharibika watu wengi hupata kisukari baadaye bila kujua. Dada yangu ilimjia hivyo, tukawa tunadhani amekonda kwa maumivu. Na daktari achunguze kama kuna jiwe kwenye mfereji wa nyongo, kwa sababu huenda ndilo lililoliumiza kongosho tangu mwanzo, na jiwe linatolewa. Mama mara ya mwisho kupimwa sukari ilikuwa lini?